Siku Moja ya Sifa na Siku 10,000 za Kazi

Kaskazini ya Malindi, mahali ambapo nchi kavu hujitokeza baharini na kuikinga Ghuba ya Ungwana, ndipo ulipo mji mdogo wa Ngomeni. Nyuma yake kuna mikoko na mashamba ya chumvi, na mbele yake kuna bahari. Kila kukicha wavuvi hushika njia ya pwani na nyavu zao na mishipi yao. Na wale wafanyao kazi ya chumvi huenda kuikusanya kabla jua halijawa kali. Hayo ndiyo mambo ya kila siku ya Ngomeni, wala hapana mtu afungaye safari kutoka mbali ili aje kuyatazama.

Lakini yalikuwako mambo mengine huko Ngomeni ambayo yalijulikana dunia nzima. Tangu mwaka 1967 hata mwaka 1988 Waitalia walikuwa wakirusha roketi kutoka majukwaa ya chuma yaliyosimamishwa baharini karibu na rasi hiyo. Tarehe 12 Desemba, 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza nyota, nayo kwa heshima ya siku ile ikapewa jina la Uhuru. Magazeti ya nchi nyingi yalitangaza habari hiyo. Hata hivyo moto wa roketi hauonekani ila kwa dakika chache, kisha hutoweka mbinguni. Na siku ya pili yake watu wa Ngomeni walihitaji kitoweo vile vile kama walivyokihitaji jana yake, na ilimpasa mtu fulani aende baharini kukitafuta.

Habari hizi mbili, ya roketi na ya wavu, zafaa kukumbukwa na kila Mkristo ambaye hutamani kumtumikia Mungu na watu, naye hajapata furaha katika utumishi wake.

Wako Wakristo wengi wa namna hiyo. Karani huketi ofisini toka asubuhi hata jioni, akinakili hesabu za watu wengine. Mkulima hupalilia mihogo yake na mahindi yake, na mvua ikichelewa kazi yote huwa bure. Mama huteka maji, hupika, hufua, na kesho yake huteka, hupika na kufua tena. Watu hao huenda kanisani siku ya Jumapili, husikia habari za mitume na mashahidi, kisha hurudi nyumbani na kujiuliza: Utumishi wangu mimi uko wapi? Hudhani ya kuwa utumishi ni kazi ya padre na mwalimu wa dini, au ni jambo moja kubwa litakalokuja siku moja, na ya kwamba siku hii ya leo si kitu ila siku ya kungojea. Mtu angojeaye hivyo aweza kungoja hata uzeeni.

Dawa ya mawazo hayo yapatikana katika historia ya pwani hii yenyewe. Kutoka Ngomeni msomaji na afuate pwani kwenda kusini, apite Malindi na Kilifi, kisha apande vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, mpaka Rabai. Huko ndiko alikokaa Johannes Rebmann.

Rebmann alikuwa Mjerumani, mtoto wa kijiji cha Gerlingen, aliyezaliwa mwaka 1820 na kutumwa Afrika na chama cha Church Missionary Society cha Uingereza. Alifika Mombasa mwezi wa Juni, 1846. Alimkuta mwenzake, Ludwig Krapf, ambaye alikuwa ametangulia miaka miwili kabla yake, na ambaye kwanza aliipokea nchi hii kwa kaburi: mkewe Rosine alikufa Julai, 1844, pamoja na mtoto wao mchanga, nao wakazikwa katika bara ya kuelekea kisiwa cha Mombasa. Wanaume hao wawili walipopanda kwenda kukaa Rabai mwezi wa Agosti, 1846, wote wawili walikuwa wagonjwa wa homa, na punda wao alikuwa mmoja. Mtu awaye yote aliyewaona njiani siku hiyo asingedhani ya kuwa kuna jambo lolote la maana linaloanza.

Miaka miwili haijatimia, Rebmann akapata siku yake ya sifa. Tarehe 11 Mei, 1848, akiwa safarini kwenda nchi ya Wachaga, aliuona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Alikuwa mtu wa kwanza wa Ulaya kuuandika habari zake kwa kuuona kwa macho yake mwenyewe. Wataalamu wa jiografia waliokuwa wameketi London walibishana juu ya habari hiyo, na baadhi yao walikataa katakata kwamba theluji yaweza kuwapo karibu na Ikweta. Hata leo jina la Rebmann likitajwa shuleni, hutajwa kwa ajili ya siku hiyo moja.

Lakini Rebmann alikaa Afrika ya Mashariki miaka 29, yaani zaidi ya siku 10,000, wala katika muda huo wote hakurudi Ulaya hata mara moja. Je, siku nyingine zote alikuwa akifanya nini?

Alikuwa akifanya kazi ambayo haina moshi wala mshindo. Aliwafundisha watoto wachache kusoma, na mara nyingi watoto hao hawakuja. Aliwatembelea watu makwao. Aliketi na kuuliza maneno, neno moja moja, akiyaandika. Alimpata mtumwa mmoja aitwaye Salimini, aliyetoka pande za Ziwa Nyasa, akajifunza kwake lugha ya kwao, akaandika kamusi yake. Aliandika pia maneno ya lugha ya watu wa Rabai na jirani zao. Mtu aliyewahi kutunga kamusi ajua ilivyo kazi hiyo: leo maneno kumi, kesho manne, na kesho kutwa huonekana kwamba mawili ya yale ya jana yalikosewa. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hicho chataka mtu mvumilivu wa kukishika.

Na waongofu je? Walikuwa wachache mno. Wa kwanza alikuwa Mringe, mtu kilema na mgonjwa, ambaye wengi hawakumhesabu kuwa kitu. Alifundishwa kwa upole, akabatizwa mwaka 1851 karibu na kufa kwake. Mtu mwenye kupima kazi kwa hesabu ya vichwa angesema ya kwamba misheni ilikuwa na mwongofu mmoja, naye amekwisha kufa. Baadaye waliongezeka wengine kidogo kidogo, na mmoja wao alikuwa mzee aitwaye Abe Gunja.

Wakati huo wenzake Rebmann walipungua. Krapf alishindwa na maradhi akarudi kwao. Mwaka 1857 wasafiri mashuhuri Burton na Speke walimtembelea wakiwa njiani kwenda kutafuta maziwa makuu. Rebmann hakufuatana nao. Wao walikwenda kwenye sifa, naye alibaki na maneno yake na watu wake wachache. Mashambulio yalipoiharibu nchi alilazimika kukaa Unguja kwa muda, kisha akarudi Rabai. Mkewe Emma alikufa mwaka 1866. Mwisho hata macho yake yakaingia giza. Wajumbe wapya wa chama chake walipofika mwaka 1874 na 1875, walimkuta mzee kipofu katikati ya kikundi kidogo cha Wakristo, angali mahali pake.

Haisemwi hapa ya kwamba Rebmann alikuwa mtu wa kucheka siku zote. La, alijua upweke, na huzuni yake ilikuwa ya kweli. Lakini yafaa kuuliza: Ni kitu gani kinachomfanya mtu aamke siku 10,000, aende kwenye kazi ile ile, ikiwa matunda hayaonekani? Woga haumshiki mtu muda huo wote. Tamaa ya sifa haiwezi, kwa maana sifa ilipita mbele ya mlango wake pamoja na Burton na Speke, naye akaiacha ipite. Hubaki jambo moja tu: mtu huyo ameipenda kazi yenyewe, na amewapenda watu wenyewe, na ameamini ya kwamba yule aliyempa kazi hiyo yuko pamoja naye ndani yake. Hiyo ndiyo furaha ya mtumishi. Haipigi kelele, lakini hudumu.

Wavuvi wa Ngomeni wataifahamu habari hii upesi kuliko watu wa mjini. Katika Injili ya Luka imeandikwa habari ya Simoni Petro na wenzake, waliokesha usiku kucha baharini bila kupata kitu. Yesu alipowajia asubuhi aliwakuta wakiosha nyavu zao. Yafaa kulitazama neno hilo vizuri. Mtu aliyekosa samaki usiku kucha ana sababu ya kuutupa wavu pwani na kwenda kulala. Wao waliuosha. Aoshaye wavu mtupu anaamini ya kuwa iko siku nyingine. Basi muujiza wa samaki wengi uliwakuta watu ambao nyavu zao zilikuwa tayari. Wenyeji wa pwani walisema zamani ya kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Wala hawakusema ya kwamba atapata kitoweo kila aendapo.

Na sasa yatazamwe matunda, kwa maana yalikuja, ingawa hayakuja kwa njia aliyoitazamia mtu yeyote.

Rebmann alipoondoka Rabai mwaka 1875 hakuweza kuiona njia. Aliyemshika mkono ni Isaac Nyondo, mwana wa yule mzee Abe Gunja. Kijana huyo alivuka bahari pamoja naye mpaka Ulaya, akiwa macho ya mtu asiye na macho. Rebmann alifariki huko Korntal, katika nchi yake, Oktoba, 1876. Na aulizwe msomaji: Kati ya kuuona mlima wenye theluji na kumwongoza mzee kipofu asijikwae katika ngazi ya meli, ni lipi lililo utumishi mkubwa zaidi? Wanajiografia wana jibu lao. Lakini yule Bwana aliyejifunga kitambaa kiunoni akawaosha wanafunzi wake miguu alikwisha kutoa jibu lake kwa tendo hilo.

Tena, kazi ya Rabai haikufa. Tangu mwaka 1864 walikuwa wamefika huko Waafrika waliolelewa na misheni katika India, baada ya kuokolewa katika utumwa wangali watoto. Mmoja wao aliitwa William Jones. Alifanya kazi Rabai miaka mingi kabla ya kupewa daraja ya ushemasi mwaka 1885. Mwaka huo huo alifuatana na Askofu Hannington katika safari ya Uganda, na Hannington alipouawa Busoga, Jones ndiye aliyewaongoza watu waliosalia mpaka wakafika pwani. Kisha alirudi kwenye kazi yake ya kila siku, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kuwapokea watumwa waliowatoroka mabwana zao. Tarehe 1 Januari, 1889, watu zaidi ya 1,400 waliokimbilia Rabai na vituo vingine vya misheni walipata hati za uhuru wao, baada ya mabwana zao kulipwa fedha. Watu hao wasingalikuwa na mahali pa kukimbilia, kama pale Rabai pasingalikuwapo nyumba ambayo taa yake haikuzimwa katika ile miaka ya upweke.

Nyuma ya Kilifi na Malindi, huko Fuladoyo katika nchi ya Wagiriama, walikuwako pia Wakristo wenyeji waliojikusanya wenyewe, wakakaa pamoja na watoro wa utumwa. Kiongozi wao alikuwa Daudi Koi. Hakuwa padre. Alikuwa mtu wa nchi aliyewapokea watu waliobisha hodi mlangoni pake, na katika siku zile hodi ya mtoro ilikuwa jambo la hatari. Daudi Koi aliuawa mwaka 1883. Siku ya kifo chake ndiyo iliyomfanya akumbukwe. Lakini ni siku zile za kugawana chakula na kumwonyesha mgeni mahali pa kujenga kibanda ndizo zilizomfanya kuwa Daudi Koi.

Na zile kamusi mbili za Rebmann? Ya lugha ya Nyasa ilipigwa chapa mwaka 1877, na ile ya lugha ya Rabai na jirani zake mwaka 1887. Mwenyewe hakuiona hata moja. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho ya kuwa kazi ya Mungu hugawanywa: huyu hupanda na yule hutia maji, wala hakuna kati yao awezaye kuikuza mbegu. Mkulima yeyote wa Kilifi aliyepanda mnazi katika uzee wake amekwisha kulifahamu fundisho hilo. Huupanda akijua ya kwamba huenda madafu yake yatanywewa na wajukuu, na hata hivyo siku ya kuupanda hufurahi.

Basi mtu atakaye furaha hiyo aanzie wapi? Aanzie pale alipo, leo.

Mpimaji wa samaki ashike mizani iliyo sawa. Mvuvi aliyekesha baharini, asiyejua kusoma namba, asipunjwe hata ratili moja. Huo ni utumishi wa Kikristo, hata kama hapana wimbo uliopigwa. Karani amhudumie mzee wa shamba kama angemhudumia mkubwa wake, amwambie, "Karibu, mzee, keti," amsomee barua yake polepole mpaka aielewe, wala asimwambie aje kesho kwa sababu ya uvivu tu. Mkulima amwazime jirani jembe asubuhi, wakati wa kazi, badala ya kumpa jioni wakati halina faida. Mama amwendee mzazi mgonjwa wa nyumba ya pili na kumtekea ndoo moja ya maji.

Na jirani huyo si lazima awe wa dini moja naye. Katika Ngomeni, kama katika miji mingi ya pwani, Waislamu ni wengi, na Wakristo huishi kati yao. Mkristo awasaidiaye Wakristo wenzake tu amefanya vema, lakini bado hajafika mbali. Pakiwa na msiba nyumba ya jirani Mwislamu, na aende, akae na wafiwa, achukue maji, asaidie palipo na haja, kwa adabu na bila kutafuta kulipwa. Mfano wa Msamaria mwema ulitolewa kwa ajili ya jambo hilo hilo.

Yako mambo matatu ya kujihadhari nayo. La kwanza ni utumishi wa kujionyesha, ambao hupungua mara watazamaji wanapoondoka. La pili ni utumishi unaosahau nyumbani. Yuko mtu mwepesi wa kubeba viti vya kanisa, na mkewe nyumbani hana kuni. Huyo hajaanza bado. La tatu ni kuhesabu matunda kila jioni. Mtoto aliyepanda kunde na kuzifukua kila siku ili aone kama zimeota, hatakula kunde.

Wala mtumishi asidhani ya kuwa kuchoka ni dhambi. Rebmann alichoka, na wavuvi wa Galilaya walichoka. Mwenye kuchoka na apumzike, asali, akubali kusaidiwa, kwa maana kuukubali mkono wa Isaac Nyondo nako ni sehemu ya utumishi. Asiyekubali kuongozwa katika giza lake huwanyima wengine furaha ya kumtumikia.

Huko Ngomeni majukwaa ya chuma yalisimama baharini, na hakuna roketi iliyoruka kutoka hapo tangu mwaka 1988. Lakini kesho alfajiri wavuvi watakwenda tena, na mwenye wavu uliooshwa jana atakuwa wa kwanza kuondoka.